Urefu wa nywele baada ya miaka sitini: tathmini ya huduma ya ushauri saluni

Kwa muda mrefu nilikuwa na urefu mmoja tu wa nywele, yaani ule nilioupenda nikiwa na miaka arobaini, na kila mara nilimwomba msusi anirudishie kana kwamba kichwa nilichomletea kilikuwa kilekile. Nilipotimiza miaka 66 nilikubali kwamba kilichokuwa kikirudi ni urefu, ila sura haikurudi nao. Ndipo nilipofuatana na wifi yangu, ambaye amenizidi miaka mitatu, tukaenda katika saluni moja inayotoa huduma ya ushauri kwa watu wazima wanaotaka kuchagua urefu mpya. Tathmini hii inahusu ziara mbili: ya kwanza ya saa mbili na nusu, na ya pili, ya marekebisho, ambayo haikuzidi dakika ishirini. Saluni yenyewe siitaji jina kwa kuwa nina lawama juu yake, na kwa kuwa ninachokipima hasa ni utaratibu wa kazi, ambao msusi yeyote makini anaweza kuufuata.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba msusi, binti aliyetuita mama sote wawili, hakuuliza umri wetu. Aliuliza nywele zetu zinakuwaje tunapoamka, tunazifanya nini kabla ya kutoka nyumbani, na ni wapi kichwani tunapopatazama kwa wasiwasi. Alitukalisha mbele ya kioo nywele zikiwa kavu, kama tulivyokuja nazo, akazichunguza kabla ya kuzigusa. Nimewahi kuhudumiwa mahali ambapo mteja akiingia hupelekwa moja kwa moja kwenye beseni, na nywele zikishalowa hakuna tena awezaye kujua zililala vipi, zimepungua wapi wala hujikunja kwa kiasi gani. Nusu ya uamuzi kuhusu urefu imo katika nywele kavu, na huyu binti alilijua hilo.

Maelezo yake juu ya nywele za utu uzima yalikuwa sahihi na hayakuwa na mapambo. Nywele za kichwani hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 6, kisha hupumzika na kudondoka ili mwingine uchipue. Umri unaposonga kipindi hicho cha kukua hufupika, unywele unaochipuka huwa mwembamba zaidi, hasa kwa wanawake baada ya hedhi kukoma, na mafuta ya ngozi ya kichwa hupungua, kwa hiyo nywele hukauka na kukatika upesi. Hesabu inayofuata ni nyepesi. Anayetaka nywele za sentimita 40 anahitaji unywele udumu zaidi ya miaka mitatu bila kukatika. Ikiwa nyingi za nywele zake siku hizi hudumu miaka miwili na nusu, urefu huo utafikiwa na chache tu, nazo ndizo zitakazoning'inia mgongoni kama nyuzi za mkeka uliofumuka. Mimi nilikuwa nikijilaumu kwa utunzaji mbaya, na wifi alikuwa akilaumu sabuni. Baada ya maelezo hayo alielewa kwa nini mkia wake wa nywele, ambao zamani ulijaa kiganja, sasa unaishia kwenye ncha inayopenyeza mwanga.

Sehemu bora ya huduma nzima ilikuwa kujaribu urefu bila kukata. Wifi ana nywele laini za singa zilizokuwa zikipita mabega. Msusi alizikunja kwa ndani akazibana, kwanza ziishie usawa wa kidevu, kisha katikati ya shingo, kisha juu kidogo ya mabega, na kila mara alimpiga picha tatu kwa simu: ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma. Ya ubavuni ndiyo iliyotufundisha zaidi, kwa sababu mtu hujiona mbele kila siku, ilhali wenzake humwona kutoka pande zote. Tulipozipanga picha pamoja tuliona jambo ambalo kioo hakikutuonyesha, nalo ni kwamba mahali nywele zinapoishia ndipo jicho la mtazamaji linapotua. Katika usawa wa kidevu mstari wa nywele uliishia palepale ambapo nyama ya shavu imeshuka kando ya taya, na ukawa kama mtu anayepanyoshea kidole. Ulipotelemshwa kwa upana wa vidole viwili, jicho lilipita taya likatua shingoni, na uso ukaonekana umeinuka. Tofauti ya sentimita 3 au 4 tu ilifanya kazi ambayo wifi alikuwa akiitarajia kutoka kwenye chupa za krimu.

Urefu wa mabega, ambao ndio aliokuwa ameuzoea, ulishindwa kwa sababu nyingine. Nywele za singa zinapokuwa chache, uzito wa urefu huzivuta chini, utosi ukalala na njia ya katikati ikaonekana pana kuliko ilivyo. Zikipunguzwa, mizizi hupata nafuu na nywele huinuka zenyewe. Msusi alipendekeza ncha zikatwe sawasawa kwa mstari mmoja, wala zisipangwe kwa ngazi nyingi, kwa sababu ngazi huondoa nywele kwenye ncha, na mwenye nywele chache hana akiba ya kuondolewa. Hapo nilimkubali kabisa, ingawa wifi aliombea ngazi mbili za mbele na akapewa moja. Mkato wa namna hiyo una historia yake. Nywele zinazoishia kwenye taya zilienea miaka ya 1920, na katika mwaka 1963 Vidal Sassoon wa London alizikata upya kwa mistari mikali ya kijiometri, akitaka mkato wenyewe ndio ushike umbo, ili mwanamke asilazimike kukaa chini ya draya kila wiki. Hoja hiyo ya kupunguza kazi ilielekezwa kwa wasichana wa wakati ule, lakini naona ina uzito zaidi kwa mtu wa miaka 69.

Kwangu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa ndipo huduma ilipoyumba. Nywele zangu ni za kipilipili, zimejaa mvi, na sizitii dawa. Msusi alileta penseli na rula ili apime kwa kanuni inayopendwa sana katika saluni: penseli hulazwa chini ya kidevu, rula husimamishwa kuanzia ndewe ya sikio, na zinapokutana husomwa umbali. Ukiwa chini ya sentimita 5.7, mtu huambiwa nywele fupi zitamfaa. Ukizidi, aziache ndefu. Mimi nilipata 5.4 mara ya kwanza, 5.9 mara ya pili na 5.6 mara ya tatu, kwa sababu ngozi iliyo chini ya kidevu changu haisimami tena mahali pamoja penseli ikiigusa. Kipimo hiki hutazama pembe ya taya tu. Hakijui wingi wa nywele, urefu wa shingo, miwani wala mgongo ulioinama, na kwa mwenye nywele zinazojikunja hakijui hata maana ya neno refu. Unywele wangu ukivutwa hufika sentimita 18. Ukiachiwa husimama kwenye sentimita 7. Je, nina nywele fupi au ndefu? Binti alicheka, akaiweka rula kando, na ninampongeza kwa hilo, ila dakika zilizopotea zingetumika vizuri zaidi.

Alipoiweka rula kando ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Kwa nywele za kipilipili urefu ni suala la umbo: wapi pabaki pajazo na wapi papunguzwe. Alinionyesha kwa mikono yake, akizishika nywele za kando na kuzibana kichwani, kwamba upana niliokuwa nao usawa wa masikio ulikuwa ukiuongezea uso wangu uzito upande wa chini, na kwamba utosi ukiachwa juu kidogo huku kando na ukosini kukishuka, uso hurefuka na shingo huonekana. Tulikubaliana sentimita 6 utosini zikiwa zimejikunja, zikipungua polepole hadi karibu na ngozi kwenye ukosi. Alikata kwa awamu, akisimama kila baada ya muda ili niguse mwenyewe, na nywele zikiwa kavu wakati wote, jambo ambalo ni la lazima kwa nywele zinazojikunja, kwa kuwa zikikatwa zimelowa na kunyooka, mtu hutoka na urefu ambao hakuuagiza.

Niseme ukweli kwamba nilikuwa nimekwenda na nia ya kusukwa rasta za kufika mabegani, na alinikatalia. Mapanja yangu yamekuwa mapana kwa miaka mingi ya misuko iliyokazwa, na kuongeza nywele ndefu ni kuongeza mzigo pale ambapo mizizi imekwisha choka. Nilinuna kidogo. Hata hivyo alikuwa sahihi, kwa sababu upungufu unaoletwa na kuvutwa huweza kurudi nyuma ukishughulikiwa mapema, na mvuto ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa. Aliongeza kwamba kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida, lakini zinazodondoka ghafla kwa mafungu, au utosi unaopungua kuanzia katikati huku ukiwasha au kuuma, ni kazi ya daktari wa ngozi na si ya mkasi. Homa kali, upasuaji, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuzimwaga nywele, na kwa homa au upasuaji mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kuonekana. Msusi anayejua mpaka wa kazi yake ni wa kuthaminiwa.

Lawama yangu ya kwanza inahusu swali lililochelewa. Bega langu la kulia halipandi vizuri, na kushika chanuo juu ya kichwa kwa zaidi ya dakika tano ni mateso. Swali la je, mama, mikono yako inafika wapi, lilikuja mwishoni kabisa, wakati wifi alikuwa amekwishachagua mkato unaohitaji kupigwa draya kwa nyuma ili ulale. Kwa umri wetu swali hilo lingepaswa kuwa la kwanza. Urefu unaopendeza siku ya saluni na kumshinda mwenyewe nyumbani si urefu wake. Kinyozi hajinyoi, lakini kuchana kila mtu hujichana. Ikabidi wifi apunguziwe sentimita 2 zaidi ukosini ili zilale bila draya, na bahati nzuri picha zilionyesha kwamba hakupoteza kitu.

Lawama ya pili ni beseni. Tulioshwa baada ya kukatwa, shingo zikiwa zimeegemezwa nyuma kwenye ukingo mgumu, bila taulo. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameandika kwamba kuikunja shingo nyuma hivyo kwa muda mrefu, ingawa ni mara chache, kumewahi kuwasababishia wateja kiharusi kwa kubana au kujeruhi mishipa ya damu ya shingoni. Saluni inayojitangaza kwa watu wazima ingekuwa na mto wa shingo, au ingemruhusu mteja kuinama mbele. Nilipoomba taulo nililetewa mara moja, lakini sikupaswa kuwa mimi wa kuomba.

Kuhusu rangi sikupendekezewa lolote, na mvi zangu zimebaki. Wala sikusikia ile kauli kwamba mwanamke akifika umri fulani ni lazima akate. Katika kiti cha jirani alikuwapo mama aliyetuzidi sote umri, nywele zake nyeupe zikiwa nene hadi kiunoni, na msusi mwingine alikuwa akimpunguzia ncha kwa upana wa kidole kimoja tu kabla ya kumfunga fundo la chini. Kichwa kile kilikuwa na nywele za kutosha kubeba urefu ule, na kuzikata kungekuwa uharibifu.

Ziara ya pili ilitokana na miwani. Nilikuwa nimeivua wakati wa kukatwa, kama kila mtu afanyavyo, na nilipoivaa nyumbani mikono yake ilizisukuma nywele za juu ya masikio zikachomoza kama vishungi viwili. Nilirudi baada ya siku kumi, nikakaa kitini nikiwa nimeivaa, naye binti akapunguza pale tu ambapo miwani inapita, bila kudai malipo mengine. Kabla sijaondoka alimwita mwenzake wa mapokezi akamwambia aongeze kwenye fomu ya mteja mistari miwili: miwani na kifaa cha kusikia. Nilimwomba aongeze na wa tatu, wa mabega.