Wajapani au Waturuki: nani aliiga vizuri?

Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kahawa ikishamiminwa, ubishi huu hauishi: ukitaka nguvu za Mzungu, uchukue vyombo vyake tu, au ubadilike na wewe?

Japani ilianza na vyombo. Baada ya 1868 ilikopa fedha London, ikaajiri wahandisi wa kigeni, na 1872 treni ikawa inakwenda Yokohama kutoka Tokyo. Vijana wao walipoijua kazi, wageni wakashukuriwa wakaenda zao. Mwandiko wao, mgumu kama nini, hawakuutupa.

Uturuki ya Mustafa Kemal Atatürk, rais wake wa kwanza, ilikata mzizi. Mwaka 1925 tarbushi zilipigwa marufuku. 1928 herufi za Kiarabu zikaondolewa, za Kilatini zikaingia. Kujifunza kusoma kulirahisika, hilo sibishi. Lakini mjukuu akashindwa kuisoma barua ya babu yake.

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Mashairi ya Muyaka, malenga wetu wa kale, nayo yalihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Na mwaka uo huo wa 1928, mkutano wa wakoloni uliofanyika papa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe Kiswahili sanifu; Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikawekwa kando. Waturuki angalau waliamuliwa na mtu wao.

Mimi niko na Mjapani, japo simpambi: suti alizivaa mbio, na viwanda vyake vya hariri viliwatumikisha vibaya wasichana wa mashambani. Ila reli yake aliitaka mwenyewe. Yetu ilipoanza kutandikwa 1896, hakuna aliyetuuliza inakwenda wapi.