Vipodozi vya mtandaoni: nani wa kununua kwake, na feki inavyojulikana

Wengi huanza kukagua kwenye kopo, na kopo ndicho kitu ambacho watengenezaji wa bandia wameshakiweza. Boksi, stika inayong'aa, hata namba ya bechi (ya kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), vyote vinanakiliwa. Kigumu kunakili ni njia ambayo bidhaa imepita hadi kukufikia, kwa hiyo tunapanga wauzaji kwanza, bora hadi wa kuepukwa.

1. Chapa yenyewe au wakala wake. Tovuti nyingi za chapa zina ukurasa unaotaja maduka yanayouza bidhaa zao katika kila nchi. Anzia huko, si kwenye ukurasa wa mtu aliyejiandika "wakala rasmi". Bei itakuwa juu, ila una risiti na mtu wa kumrudia. Losheni ya kukinga jua na chochote cha kupaka karibu na macho tungenunua hapa tu. Losheni ya jua ya bandia hujulikana ngozi ikiwa imeshaungua.

2. Muuzaji wa Instagram mwenye duka linalofikika, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi. Lipa kwa Till au Lipa Namba, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na la duka. Likija jina la mtu binafsi, uliza sababu kabla hujaweka namba ya siri.

3. Majukwaa makubwa kama Jumia. Hapa wengi hudhani jukwaa ndilo linalouza, kumbe mara nyingi ni muuzaji mwingine aliyepanga nafasi humo. Soma jina lake, na usidanganywe na nyota. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichapisha matokeo ya bidhaa 47 ilizonunua mtandaoni kwa wauzaji wa aina hii waliokuwa na alama za juu kutoka kwa wateja. Vipodozi vya Urban Decay vilikuwa 13, na vyote 13 vilikuwa bandia.

4. Anayebeba kwenye sanduku kutoka Dubai, Istanbul au London. Mzigo unaweza kuwa halali kabisa. Omba picha ya risiti ya dukani alikonunua. Shida nyingine ni joto la safarini: seramu ya vitamini C iliyogeuka rangi ya chai imeharibika, hata kama ni halisi.

5. Muuzaji wa WhatsApp au TikTok asiye na duka. Usilipe kabla hujapata picha alizopiga mwenyewe leo: mbele, nyuma, kitako cha chupa, namba ya bechi kwenye boksi na kwenye chupa, na karatasi yenye jina lako pembeni. Akituma picha za tovuti ya chapa, au akikuambia "mzigo uko stoo", achana naye. Omba kulipa baada ya kukagua, boda akiwa bado yupo.

Vya kupimiwa kwenye vichupa, "testa" na mkorogo havina nafasi kwenye orodha hii. Usinunue.

Kuhusu bei, tafuta bei ya rejareja kwenye tovuti ya chapa, uigeuze kuwa shilingi. Aliyeagiza kihalali ana usafiri, ushuru, VAT (asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara) na faida yake. Akiuza chini ya bei hiyo ya rejareja, aeleze mzigo umepatikanaje. Jibu la "ofa" halitoshi, hasa ofa ikiwa ya mwaka mzima.

Mzigo ukifika, linganisha kwanza namba ya bechi: ya kwenye boksi na ya kwenye chupa ziwe moja. Namba halisi kwa kawaida hupigwa kwa wino au kuchomwa baada ya lebo kuchapwa, kwa hiyo haikai kama sehemu ya lebo. Ukinunua aina tatu tofauti na zote zina namba ileile, zishuku zote tatu. Tafuta pia alama ya kopo lililo wazi yenye 6M au 12M, yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua. Kisha soma orodha ya viambato na uilinganishe na bidhaa iliyo mkononi. CeraVe, kwa mfano, huuzwa kama krimu isiyo na manukato. Ikinukia maua, rudisha. Lakini usiikatae kwa sababu tu lebo ni ya Kifaransa, maana krimu hiyo ya soko la Ulaya na ya Marekani hazifanani kwenye kopo.

Tovuti za kusoma namba ya bechi hukupa tarehe ya kutengenezwa tu, na mwigaji hunakili namba ya kweli. Namba za mwanzo za baakodi nazo (616 ya Kenya, 620 ya Tanzania) zinaonyesha kampuni ilikosajiliwa, si kiwanda kilipo. Kenya, alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la nchi hiyo) ina namba ya kibali chini yake: tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, uone jibu linataja bidhaa uliyoishika.

Krimu za kung'arisha ndizo za kuogopa zaidi. Lebo ikitaja mercury, calomel au mercurous chloride, au ikikuonya usiiguse na vito vya dhahabu au fedha, ina zebaki, nayo huharibu figo na mishipa ya fahamu na hudhuru mtoto tumboni. Kujaribu kidogo mkononi hakusaidii hapa: zebaki inaweza isikuwashe, na wiki za mwanzo ngozi inaweza hata kupendeza.

Ukishashuku, acha kupaka, weka kopo, boksi na ujumbe wa malipo pamoja, kisha ripoti: TBS (shirika la viwango) au Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania, KEBS au Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa Kenya. Na chupa halisi ukiimaliza, chana lebo na uharibu boksi kabla ya kutupa, kwa sababu chupa tupu hukusanywa zikajazwa tena.