Tiketi ya Folsom Field enzi za Deion Sanders: unalipia nini hasa?

Kiti chenyewe hakijabadilika. Ni ubao mrefu wa alumini usio na mgongo, wenye namba, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1924 mjini Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, na uwezo wake rasmi ni watu 50,183. Kilichobadilika tangu Desemba 2022 ni pesa ambayo mtu yuko tayari kuitoa ili akalie ubao huo. Sababu ni kocha mmoja, Deion Sanders, beki wa zamani aliyetwaa Super Bowl, taji la NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, akiwa na San Francisco 49ers na kisha Dallas Cowboys, na sasa kocha mkuu wa Colorado Buffaloes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Colorado. Misimu yake mitatu ya kwanza ilikwisha hivi: 2023 alishinda mechi 4 akapoteza 8, 2024 akashinda 9 akapoteza 4, na 2025 akashinda 3 akapoteza 9. Hiyo inatosha kuipima bidhaa hii homa ikiwa imeshuka.

Hukumu kwanza. Hamasa ya jukwaani tunaipa nyota tano. Mpira wenyewe nyota tatu, na kuna miezi ya nyota moja. Ratiba na usafiri, nyota mbili. Anayenunua tiketi kwa ajili ya kocha mpya ajue kwamba jukwaa hubadilika ndani ya wiki chache, lakini timu haiendi kwa mwendo huo, na pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalowaumiza wengi.

Ili uelewe hamasa hiyo inatoka wapi, angalia hali aliyoikuta. Msimu wa 2022 Colorado ilipoteza mechi 11 kati ya 12, na kocha Karl Dorrell alitimuliwa baada ya kufungwa tano za mwanzo mfululizo. Hii ni timu iliyokuwa bingwa wa taifa mwaka 1990, taji ililogawana na Georgia Tech, lakini kuanzia 2006 hadi 2022 ilikuwa na misimu miwili tu ya kushinda zaidi ya kupoteza, 2016 na 2020. Mechi ya majaribio ya Aprili 2022, ambayo timu hucheza yenyewe kwa yenyewe, haikufikisha watu 2,000. Ile ya tarehe 22 Aprili 2023, ya kwanza chini ya Sanders, iliingiza 47,277, theluji ikidondoka. Rekodi ya awali ya mechi ya aina hiyo ilikuwa 17,800, ya mwaka 2008. Siku hiyo bibi wa miaka 98, shabiki wa Buffaloes wa tangu enzi na enzi, alipewa heshima ya kupiga mpira wa kufungua mchezo. Wazee wa Boulder walioikumbuka 1990 waliona mtu amewarudishia kitu chao.

Mkataba wa kwanza wa kocha ulikuwa wa miaka mitano, dola milioni 29.5. Mkurugenzi wa michezo wa wakati huo, Rick George, alisema hadharani kwamba pesa hizo bado hawana, ila anajua zitapatikana. Zilipatikana kwa mashabiki. Tiketi za msimu zilikwisha zote, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1996, na mechi zote sita za nyumbani za 2023 ziliuzwa hadi kiti cha mwisho kwa mara ya kwanza katika historia ya timu.

Si wote walioshangilia. Kule Jackson, Mississippi, Sanders alikuwa ameiongoza Jackson State kushinda mechi 27 na kupoteza 6 katika misimu mitatu. Hicho ni chuo chenye historia ya kuwasomesha Wamarekani weusi, na wapo mashabiki waliomshukuru kwa kukiweka chuo chao machoni pa nchi nzima, wapo pia walioona wameachwa njiani baada ya kuaminishwa kwamba mradi ni wa muda mrefu. Maumivu hayo ni ya haki. Mashabiki wengi weusi waliomfuata Sanders walihama naye, na rangi ya jukwaa la Boulder, mji wenye wakazi weusi wachache sana, ikabadilika siku za mechi.

Kingine kilichowagawa mashabiki ni usajili. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, na tangu Julai mwaka huo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Sanders aliitumia kanuni hiyo kuliko kocha yeyote kabla yake. Katika kikao cha kwanza aliwaambia wachezaji waliokuwepo kwamba anakuja na mizigo yake, yaani wachezaji wake, na kwamba wanaotaka kuondoka waondoke. Zaidi ya 50 waliondoka. Kwa aliyekuwa anakuja uwanjani kumwangalia kijana wa mtaani kwake akikua kutoka mwaka wa kwanza hadi wa nne, hilo lilikuwa pigo, na mpaka leo ndilo lalamiko lenye uzito kuliko yote.

Sasa mpira. Tarehe 2 Septemba 2023 Colorado ilikwenda Fort Worth na kuifunga TCU, timu iliyocheza fainali ya taifa msimu uliotangulia, 45-42. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha na kotabeki wake, yaani mrusha pasi wa timu, alirusha yadi 510. Travis Hunter alicheza upande wa ushambuliaji na wa ulinzi, akiwa uwanjani mpira ulipoanzishwa zaidi ya mara 100 katika joto la Texas. Wiki iliyofuata Nebraska, mahasimu wa zamani, wakachapwa 36-14 pale Folsom. Wiki ya tatu Colorado State wakafungwa 43-35 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, mechi iliyoanza saa 2 usiku na kumalizika saa 6 imeshapita, mashabiki wakamwagika uwanjani.

Usiku huo huo ulionyesha pia upande mbaya. Hunter alipigwa kikumbo cha kuchelewa na beki wa Colorado State, akaumia ini na kukosa mechi tatu. Beki yule akaanza kupokea vitisho vya kuuawa, yeye na familia yake. Sanders alijitokeza kuwataka watu waache, na alifanya vyema. Mzazi anayempeleka mtoto mechi ya mahasimu, hasa ya usiku, achague viti mbali na jukwaa la wanafunzi.

Baada ya hapo ukuta ukabomoka. Oregon ikaifunga Colorado 42-6. Kisha Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba, nyumbani, Colorado iliongoza Stanford 29-0 hadi mapumziko, ikafungwa 46-43 katika muda wa nyongeza. Sababu haikuwa siri kwa anayeutazama mchezo kuanzia mbele kwenda nyuma. Usajili wa haraka ulileta wapokeaji na mabeki wa pembeni, watu wa kasi, lakini wazuiaji watano wa mbele, wale wanaomlinda kotabeki, ni idara inayohitaji kuzoeana. Mmoja akikosea hatua, mlango umefunguka. Msimu ule Shedeur aliangushwa na mpira mkononi mara 52. Kwa hiyo ukikaa Folsom, usifuate mpira tu. Mpira ukishaanzishwa, tazama wale watano kwa sekunde tatu. Kama kotabeki anarudi nyuma zaidi ya hatua saba na bado hajapata pa kusimama, robo ya nne itakuwa ngumu hata kama ubao unasoma vizuri.

Msimu wa 2024 ulikuwa thamani kamili ya pesa. Dhidi ya Baylor, tarehe 21 Septemba, sekunde zikiwa zimekwisha, Shedeur alirusha pasi ya yadi 43 ikadakwa na LaJohntay Wester ndani ya eneo la mwisho. Katika muda wa nyongeza Hunter akaupangusa mpira mikononi mwa mshambuliaji kwenye mstari wenyewe wa goli, 38-31. Aliyekuwa upande ule aliona mpira ukitoka mkononi kabla mguu haujavuka, na hakuna kamera inayokupa hisia ya ukimya wa nusu sekunde kabla ya kelele ile. Hunter alimaliza mwaka na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Halafu Aprili 2025 chuo kikastaafisha jezi namba 2 ya Shedeur na namba 12 ya Hunter. Kabla ya hapo zilikuwa zimestaafishwa namba nne tu, ikiwemo 19 ya Rashaan Salaam, mshindi wa Heisman wa 1994. Mashabiki wa zamani waligeuka mbogo, na tunawaunga mkono nusu. Hunter anastahili bila mjadala. Shedeur alicheza misimu miwili, hakuleta taji, na magwiji wa kikosi cha 1990 namba zao bado zinavaliwa. Aliyeishabikia timu kwa miaka 40 huona hapo kwamba historia yake imepewa bei ndogo kuliko ya mtoto wa kocha.

Wote wawili walipokwenda NFL, 2025 ikawa chungu: kipigo cha 53-7 kule Utah, kisha 52-17 nyumbani kutoka kwa Arizona. Kabla ya hapo, mwezi Machi, kocha alikuwa ameongezewa mkataba hadi 2029, dola milioni 54 kwa miaka mitano. Mwaka huo huo aliondolewa kibofu cha mkojo kwa sababu ya saratani, na hilo lilipunguza makali ya wengi waliokuwa wameanza kumzomea. Jukwaa halijamkataa, ila limeacha kumsamehe kila kitu.

Kama bado unataka kwenda, na tunashauri uende walau mara moja, fanya hivi. Usinunue tiketi ya ndege ya siku ya mechi. Tarehe hujulikana mapema lakini saa hupangwa na televisheni, mara nyingi siku 12 kabla, na wakati mwingine siku 6 tu. Mechi ile ile inaweza kuanza saa 4 asubuhi au saa 2 usiku. Hesabu saa tatu na nusu uwanjani. Mechi ya usiku ikiingia muda wa nyongeza, utatoka siku imeshageuka, kwa hiyo ujue basi lako la mwisho kabla hujaingia.

Maegesho karibu na chuo ni haba na ghali. Kutoka Denver, mwendo wa kilomita 45 hivi, panda basi la Flatiron Flyer kuanzia Union Station hadi kituo cha katikati ya Boulder, kisha tembea. Njia inapanda. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi: mgeni kutoka Houston au Miami ataishiwa pumzi kwenye ngazi, aliyekulia Limuru hatasikia kitu. Kunywa maji tangu asubuhi.

Kuhusu kiti, jukwaa la mashariki linatazama magharibi, maana yake unaiona milima ya Flatirons nyuma ya jukwaa la upande wa pili, lakini mechi ya mchana jua litakupiga usoni tangu saa 8 mpaka lizame. Jukwaa la magharibi hupata kivuli mapema, jambo zuri Septemba na adhabu Novemba. Alumini hunyonya joto la mwili. Beba mto mwembamba au kipande cha sponji, na Novemba vaa soksi mbili. Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha ndani. Usitafute pipa la taka la kawaida, maana Folsom hutenganisha mabaki ya chakula na vitu vya kuchakatwa, na mapipa yake ni ya aina hizo mbili.

Ile miwani ya kocha iliyovuma baada ya kocha wa Colorado State kumsema Sanders kwa kuvaa kofia na miwani mbele ya watu, iliuzwa dola 67 na maagizo yakapita dola milioni 1 kwa siku moja. Kama kumbukumbu, sawa. Kwa jua la jukwaa la mashariki, miwani yoyote yenye kinga ya miale itafanya kazi ileile, na kofia ya ukingo mpana itafanya zaidi.

Tiketi ya msimu tungemshauri mkazi wa Denver au Boulder tu. Anayesafiri anunue mechi moja kwa wanaouza tena, na asubiri. Bei hupaa wiki ya baada ya ushindi mkubwa wa Septemba, na hushuka timu ikifungwa mbili mfululizo. Viti vya Oktoba mwishoni ndivyo hutoka kwa unafuu, kabla baridi haijakaza.

Na uwe kitini mapema, kwa sababu ya Ralphie. Ni nyati jike wa Marekani, nyati halisi, anayekimbizwa kuzunguka uwanja na wanafunzi watano walioshika kamba. Huteuliwa jike kwa sababu dume ni kubwa mno kudhibitiwa. Ralphie wa sita alistaafishwa 2025 kwa kuwa hakupenda kukimbia, na nafasi yake akachukua mwingine. Anapopita chini ya safu za mbele unasikia kwato kabla ya kelele za watu. Hutoka mara mbili, kabla ya kipindi cha kwanza na kabla ya cha pili, na hii ya pili ndiyo watu huikosa wakiwa kwenye foleni ya chakula. Nunua chakula robo ya pili ikiwa na dakika nne.