Besi ya Mwanafunzi Baada ya Kubadilishwa Pikapu na Vyuma Vyake

Gitaa la besi ninalolitathmini hapa ni la aina ambayo wapigaji wengi huanza nayo: mwili wa mti laini, shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, nyuzi nne, na pikapu mbili, moja ya mtindo wa Precision katikati na nyingine ya mtindo wa Jazz (majina ya besi mbili za Fender) karibu na daraja, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini. (Kwa asiyelizoea neno hili kwa maana hii, pikapu si gari la mizigo, ni kifaa chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, ambacho hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.) Nililipiga kwa miaka miwili kabla ya kuridhika kwamba shingo yake imetulia na freti zake, yaani vijiti vya chuma vilivyokingama juu ya shingo, ziko sawa, hivyo linastahili kugharimiwa. Lau shingo ingekuwa imepinda ningeachana nalo, kwa kuwa hakuna pikapu inayotibu shingo mbovu.

Kabla ya kununua kifaa chochote, nililirekebisha jinsi lilivyokuwa. Nilifunga nyuzi mpya, nikakaza kidogo ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo, nikashusha nyuzi hadi zikawa juu ya freti ya 17 kwa takriban milimita 2.4 upande wa uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, na milimita 2 upande wa uzi wa G, ulio mwembamba kuliko yote, kisha nikasogeza vikalio vya daraja, vile vipande ambavyo nyuzi hukalia, hadi noti ya freti ya 12 ikawa oktava kamili ya uzi usiobonyezwa. Nusu ya malalamiko yangu iliishia hapo. Anayeiruka kazi hii hatajua kamwe kama ni pikapu zilizomfurahisha au ni nyuzi mpya tu. Yaliyobaki yalikuwa manne: pikapu ya nyuma ilinguruma kila ilipopigwa peke yake, sauti ilizama ngoma zilipoanza, vitufe vilikwaruza vilipozungushwa, na kichwa cha gitaa kilielekea sakafuni mara nilipoondoa mkono wa kushoto.

Mngurumo huo una sababu inayoeleweka. Fender walipotoa besi ya Precision mwaka 1951, pikapu yake ilikuwa na koili moja (mzunguko mmoja wa waya), na koili moja hunasa pamoja na mtikisiko wa uzi ule mvumo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50 au 60. Mwaka 1957 pikapu hiyo ikagawanywa vipande viwili, kila kimoja kikihudumia nyuzi mbili, vikiwa vimezungushwa kinyume na sumaku zake zikielekezwa kinyume, kiasi kwamba sauti ya nyuzi inajumlika na mvumo unajifuta wenyewe. Besi ya Jazz ya mwaka 1960 ilirudi kwenye koili moja moja, lakini ilikuwa na pikapu mbili zinazofutiana mvumo zote zinapofunguliwa sawasawa. Tatizo la besi inayochanganya mitindo hii miwili ni kwamba ile pikapu ya nyuma imekosa mwenzake wa kufutiana naye, na ndiyo maana hunguruma.

Kwa hiyo nilichagua pikapu za kampuni ya DiMarzio, Model P na Model J, kwa kuwa Model J ina umbo la pikapu ya Jazz lakini hujifutia mvumo bila kumtegemea mwenzake. Hiyo peke yake ilitosha kunishawishi. Nilipoifungua peke yake kwa mara ya kwanza nilidhani waya umekatika, kwa maana amplifaya ilikaa kimya kabisa mpaka nilipogusa uzi. Model P nayo ina nguvu nyingi na sauti zake za kati zimejitokeza, jambo ambalo ukiwa peke yako chumbani waweza kuliona kama ukali, ila ukiwa na bendi ndilo linaloifanya besi isikike bila kuongeza sauti. Nguzo zake za sumaku hupandishwa na kushushwa, na nilizitumia kuusawazisha uzi wa D uliokuwa hafifu. Mpenda sauti tulivu ya kizamani hatairidhia. Huyo atafute pikapu zenye sumaku za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) zilizozungushwa kwa wastani.

Kabla ya kuagiza, pima. Pikapu ya Jazz ya mbele kwa kawaida ina urefu wa takriban milimita 92 na ya nyuma milimita 94, lakini besi nyingi za wanaoanza hutumia ukubwa mmoja pande zote mbili, hivyo neno "ya nyuma" kwenye kisanduku halikuhakikishii kwamba itaingia kwenye tundu lako la nyuma.

Sehemu ambayo wengi huipuuza, nami nilikaribia kuipuuza, ni ile iliyofichwa chini ya vitufe. Besi yangu ilikuja na potenshomita (vifaa vinavyozungushwa na vitufe ili kupunguza au kuongeza sauti na toni) ndogo zenye mhimili mwembamba na waya laini mno. Niliziondoa zote, nikaweka potenshomita za ukubwa kamili za kiloohm 250, kapasita moja ya mikrofaradi 0.047, kifaa kidogo kinachopunguza sauti kali, kwa ajili ya kitufe cha toni, na tundu imara la kuchomekea waya. Potenshomita kubwa huhitaji shimo la takriban milimita 9.5, ilhali mashimo ya zile ndogo huwa kama milimita 7, kwa hiyo ilibidi kuyapanua. Nilifanya hivyo kwa tupa ya mviringo, polepole, kwa kuwa keekee ikikwama kwenye plastiki huipasua. Risasi ya kulehemu nayo haishiki mgongo wa potenshomita usiokwaruzwa kwa msasa, na chuma cha kulehemu kikiganda hapo kwa muda mrefu huunguza kilichomo ndani. Kasoro moja ilikuwa yangu mwenyewe: niligeuza waya mbili za pikapu ya nyuma, na nilipofungua pikapu zote mbili besi ikatoa sauti nyembamba kama ya simu ya zamani. Kila pikapu peke yake ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo dalili ya koili zinazopingana. Nilizibadilishana waya hizo na uzito ukarudi palepale. Kwa gharama ndogo kuliko vitu vingine vyote, kazi hii ya ndani ndiyo iliyoondoa mikwaruzo na kukatikakatika kwa sauti, na kama ningelazimika kuchagua jambo moja baada ya kurekebisha nyuzi, huenda ningelichagua hili kabla hata ya pikapu.

Daraja ni habari nyingine. Nilinunua zito, la kung'aa, lililosifiwa kuwa litafanya noti zidumu zaidi, na nilipolifunga nilikaa nalo jioni nzima nikitega sikio nisikie tofauti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti ya kweli niliyoipata ni kwamba vikalio vyake havitikisiki na skrubu zake hazilegei zenyewe, na hiyo ni faida kwa aliye na daraja lililolegea, si kwa mwenye daraja zima la bati lililokunjwa, ambalo limebeba besi nyingi nzuri tangu miaka ya 1950. Anayelibadilisha akumbuke waya wa ardhi unaopita chini yake: rangi ikiuzuia usiguse chuma, mngurumo utaongezeka badala ya kupungua, na pikapu zitalaumiwa bure.

Funguo za kukazia nyuzi zilinishangaza, tena kwa sababu ambayo sikuitarajia. Nilizitaka kwa kuwa uzi wa E ulikuwa ukishuka, kumbe chanzo kikuu kilikuwa uzi kutozungushwa vizuri kwenye nguzo yake. Hata hivyo, funguo za Hipshot Ultralite nilizozifunga ni nyepesi sana kulinganisha na zile za awali, na kwa kuwa uzito wa kichwani huvuta kwa mkono mrefu wa shingo, kichwa kiliacha kuanguka. Sasa mkono wa kushoto unapiga tu, haubebi. Zinapatikana kwa zaidi ya ukubwa mmoja, kwa hiyo kipenyo cha mashimo ya kichwani kipimwe kwa kalipa, si kwa rula.

Kipande cha plastiki kinachopokea nyuzi juu ya shingo sikukibadilisha. Nilipitisha tupa nyembamba kwenye mfereji wa uzi wa G, uliokuwa ukibana, na kikatosha. Vifaa vyote vya zamani nimevihifadhi kwenye kisanduku kwa ajili ya siku nitakapotaka kulirudisha gitaa hili katika hali yake, isipokuwa kwamba bamba la vitufe litabidi linunuliwe upya, maana mashimo yaliyopanuliwa hayarudi kuwa madogo.