NexusFont kwenye kompyuta ya steshenari: uzoefu wangu

Kama kazi yako ni kadi za harusi, mabango, vipeperushi na vitabu vidogo, na unatumia Windows, NexusFont, programu ya kupanga fonti (mitindo ya herufi), ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ni ya bure, haisumbui hata kompyuta ya zamani, na ina toleo lisilohitaji kusakinishwa: unaliweka kwenye flashi na kulifungua kwenye mashine yoyote ya Windows. Wa Mac na Linux hawana toleo lao. Mimi naitumia pamoja na CorelDRAW, Photoshop na Word.

Kazi yake kubwa ni moja: kukuwezesha kuwa na fonti nyingi bila kuzisakinisha zote. Fonti ikishasakinishwa, kila programu inaiona kila inapofunguliwa. Ukirundika mamia kwa mamia, orodha ya fonti kwenye Word inakuwa ndefu hadi inachosha, CorelDRAW inachelewa kufunguka, na faili moja mbovu kati ya hizo inatosha kuangusha programu nzima. Kwa NexusFont, fonti zinakaa kwenye folda ya kawaida. Ukifungua folda hiyo ndani ya programu, zilizomo zinapakiwa na unaweza kuzitumia kwenye programu nyingine. Ukifunga NexusFont, zinaondoka.

Nimeweka folda kuu moja kwenye diski D, nje kabisa ya C:\Windows\Fonts, na ndani yake nimegawa kwa kazi: kadi, mabango, vitabu, Kiarabu. Upande wa kushoto wa dirisha kuna sehemu ya Library, ambako unaongeza folda hizo, na chini yake kuna Sets, ambako unaunda vikundi vyako bila kuhamisha faili yoyote. Kikundi ndicho kinachofaa kwa mteja wa kudumu. Shule inayochapa vyeti kila mwaka inapata kikundi chake chenye fonti tatu tu, na mwaka ukizunguka huhitaji kubahatisha ni ipi ilitumika.

Kuna jambo la kuzingatia hapa. Kwa kuwa fonti zinaondoka programu ikifungwa, usiifunge wakati kazi bado iko wazi kwenye CorelDRAW au Word. Maandishi yatabadilishiwa fonti, mistari itahama, na ukiprinti kwa haraka hutagundua mpaka karatasi itoke. Pia, baadhi ya programu husoma orodha ya fonti zinapofunguka tu. Ukipakia fonti halafu huioni kwenye orodha, ifunge programu hiyo na kuifungua tena kabla ya kuanza kulaumu faili.

Sehemu ya kuonea sampuli ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Usiache sentensi ya Kiingereza inayokuja nayo. Andika maneno ya kazi yenyewe: majina ya bwana na bibi harusi, tarehe, bei. Fonti nyingi za mapambo zina herufi nzuri lakini tarakimu zake ni mbaya, au hazina kabisa alama za msingi kama mkwaju na nukta mbili. Kwa kazi za Gĩkũyũ au Kikamba, weka neno lenye ĩ na ũ. Fonti isipokuwa na herufi hizo, utaona kisanduku kitupu, au kompyuta itaazima herufi kutoka fonti nyingine. Huko kuazima ndiko kunakopita bila kuonekana. Angalia unene wa mstari: ũ iliyoazimwa huwa nyembamba au pana kidogo kuliko u ya kawaida iliyo jirani yake, na kwenye bango la mita tatu tofauti hiyo inaonekana hata kwa anayepita barabarani.

Ukitaka uhakika, fungua charmap ya Windows, yaani orodha ya herufi zote za fonti, chagua fonti, washa mwonekano wa kina, kisha tafuta kwa namba: 0129 ni ĩ na 0169 ni ũ. Kwenye Word unaweza kuziandika kwa kuchapa namba hiyo na kubonyeza Alt na X. Charis, Gentium na Andika, fonti za shirika la SIL, zina herufi za lugha zetu bila shida, na leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. Hilo la leseni lisipuuzwe. Fonti nyingi za bure za kadi zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na duka linalotoza pesa si matumizi binafsi. Soma faili la maandishi linalokuja ndani ya zipu.

Chombo cha kutafuta fonti zinazojirudia kiko kwenye menyu ya Tools. Kitumie kabla ya kupanga folda, kwa sababu fonti zilizokusanywa kutoka flashi za wateja huwa zimejaa nakala. Windows huitambua fonti kwa jina lililoandikwa ndani ya faili, si kwa jina la faili lenyewe. Kwa hiyo faili mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa fonti ileile, moja TTF na nyingine OTF (aina mbili za faili za fonti), au moja toleo la zamani na nyingine jipya, zenye upana tofauti wa herufi. Zote mbili zikiwepo, hutajua ni ipi itakayotumika, na kitabu kilichokuwa na kurasa 40 kinageuka 41. Bakisha moja, nyingine itoe nje ya folda kabisa. Ila usifute faili ndani ya C:\Windows\Fonts kwa kufuata orodha ya nakala. Huko kuna fonti ambazo mfumo wenyewe unazihitaji.

Jambo lingine la kukagua ni kama familia imekamilika. Fonti ikiwa na mtindo wa kawaida peke yake, ukibofya B, Word inanenepesha herufi kwa nguvu, na ukibofya I inazilaza. Matokeo yake huwa mazito na yenye ukungu kwenye printa. Kwa fonti zenye vikia (vistari vidogo kwenye ncha za herufi), kama za vitabu, itazame herufi a: kwenye mlazo halisi a hubadilika umbo na kuwa duara moja lenye mkia, lakini kwenye mlazo wa kughushi a inabaki ileile ya ghorofa mbili, imepindishwa tu. Ukiona hivyo, tafuta faili la mlazo lenyewe. Na usishangae Word ikionyesha Light na Medium kama familia zinazojitegemea wakati InDesign, programu ya kupangia kurasa, inaziweka pamoja. Mfumo wa zamani wa Windows unatambua mitindo minne tu kwa kila familia: kawaida, nene, mlazo, na nene yenye mlazo.

Sasa niseme wazi kile ambacho NexusFont haikusaidii, maana wengi huitarajia itibu kila kitu.

Haikusaidii faili linapokwenda kompyuta nyingine. Kazi ikitoka nyumbani kwenda kwa mchapaji bila fonti, itavurugika. Kwenye CorelDRAW, chagua maandishi na ubonyeze Ctrl na Q yageuke michoro. Kwenye Illustrator ni Ctrl, Shift na O. Hifadhi kwanza nakala inayoharirika, kwa sababu baada ya hapo huwezi kusahihisha jina lililokosewa. Kwenye Word, nenda File, Options, Save, uwashe kupachika fonti ndani ya faili. Hata hivyo mtengenezaji wa fonti anaweza kuwa ameweka zuio la kupachika, na OTF nyingi hazikubali. PDF ndiyo salama zaidi. Ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda sehemu ya fonti: kila jina linapaswa kuwa na neno Embedded (imepachikwa) mbele yake. Lisilo nalo ndilo litakalobadilika kwa mchapaji.

Nyaraka za Word zina tatizo lake la miaka hii. Kuanzia 2007 fonti ya kawaida ya Word ilikuwa Calibri, na mwaka 2023 Microsoft ilianza kuibadilisha kwa Aptos. Barua iliyoandikwa kwa Aptos ikifunguliwa kwenye Office ya zamani inabadilishiwa fonti, na ukurasa mmoja unaweza kumwagikia wa pili. Anayetumia LibreOffice asakinishe Carlito, kwani upana wa herufi zake unalingana na Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Arial na Times New Roman zina mbadala wake kwenye fonti za Liberation.

Haitibu pia Kiarabu kilichovunjika. Kadi nyingi za nikahi Pwani na Visiwani zina bismillahi juu, na mtu akiona herufi zimeachana na zinakwenda kutoka kushoto, anaanza kubadilisha fonti moja baada ya nyingine. Mara nyingi kosa si la fonti. Kwenye matoleo mengi ya Photoshop unapaswa kwenda Edit, Preferences, Type, uchague mfumo wa maandishi wa Mashariki ya Kati, ambao kwenye baadhi ya matoleo unaitwa World-Ready. Ukishafanya hivyo, herufi za fonti za Kiarabu kama Amiri au Scheherazade New zitaungana vizuri, na irabu zake zitakaa mahali pake.

Kwa fonti chache unazotumia kila siku, zisakinishe kwa Windows yenyewe. Toa faili kwenye zipu kwanza, ubofye kulia, kisha uchague Install for all users. Hili lina sababu. Tangu Windows 10 toleo 1809, ukibofya Install ya kawaida fonti inaingia kwa mtumiaji mmoja tu, kwenye folda yake ya AppData, na programu za zamani hazitazami huko. Ndiyo maana fonti inaonekana kwenye Word lakini haionekani kwenye programu ya kukatia stika. Faili za WOFF zilizotolewa kwenye tovuti hazisakinishiki kwenye Windows. Tafuta TTF au OTF kutoka kwa mtengenezaji. Na zile za zamani za Type 1, zenye faili mbili za PFB na PFM, Adobe iliacha kuzikubali Januari 2023. Kazi za zamani zinazozitumia zitahitaji fonti mpya, kisha ukaguzi wa mstari kwa mstari.

Mwisho ni herufi zinazopandana, au menyu za Windows zenyewe kuonyesha alama zisizosomeka. Ondoa kwanza fonti za karibuni, halafu safisha hifadhi ya muda ya fonti. Ingia kama msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, tafuta Windows Font Cache Service na uisimamishe. Fungua C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\FontCache, ukikubali kila ukiulizwa ruhusa, ufute faili zilizomo. Futa na FNTCACHE.DAT iliyo ndani ya C:\Windows\System32. Rudi uiwashe huduma ile, kisha uwashe kompyuta upya. Mara ya kwanza itafunguka taratibu kwa sababu inajenga orodha upya. Tatizo likirudi baada ya kufungua folda fulani kwenye NexusFont, mbovu imo humo: igawe folda nusu kwa nusu, ufungue kila nusu peke yake, na uendelee kugawa ile yenye tatizo mpaka ibaki faili moja.