TAHADHARI: Mabango "orijino" ya Rolly Crump ambayo hata mikunjo yake imechapwa

Wadau wa mabango ya zamani, hasa nyie mnaotafuta kazi za Rolly Crump, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna mtu anauza feki, tena anajua anachofanya. Mimi amenipiga dola 620. Wenzangu wawili wa huku California wameniambia aliwafuata kwenye ujumbe binafsi na maneno yaleyale, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kutuma pesa.

Kwa wasiomjua, Crump alikuwa mbunifu wa Disney. Alizaliwa 1930, akaajiriwa 1952 upande wa katuni, na 1959 akahamia kitengo kilichokuwa kinabuni bustani ya burudani. Mkono wake umo kwenye Enchanted Tiki Room ya Disneyland, iliyofunguliwa 1963. Ndiye pia aliyebuni Tower of the Four Winds, ule mnara wa futi 120 wenye mapanga yanayozungushwa na upepo, uliosimama kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York 1964 na 1965. Ila mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, nje ya saa za kazi, alikuwa anachora mabango ya kudhihaki matangazo ya biashara, bangi na afyuni zikinadiwa kwa madaha kama vile ni bidhaa za dukani. San Francisco ilikuwa bado haijawa mji wa mahipi. Baadaye akachora pia mabango ya bendi ya The West Coast Pop Art Experimental Band. Mimi nayapenda kwa sababu yanaonyesha mtu yuleyule, mstari uleule wa kalamu, mchana akiwafurahisha watoto na usiku akiwachokoza wakubwa. Na yaliyobaki mazima ni machache, maana yalikuwa karatasi za bei ndogo. Vijana waliyabandika ukutani kwa pini, wakihama chumba wanayachana.

Huyu jamaa anaujua uchache huo. Alinieleza kwamba mjomba wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Los Angeles na kuacha bango moja ndani ya sanduku. Picha alizonitumia zilikuwa nzuri mno: mkunjo unaokatiza katikati, alama ya kahawia ya gundi ya selotepu pembeni juu, kona moja imechanika kidogo. Bei haikuwa ya kutupwa. Angesema dola 100 ningeshtuka. Alitaja dola 700 akakubali kushuka hadi 620, kama mtu anayeumia kuachana na mali ya familia. Nilipomwomba picha ya upande wa nyuma akasema bango limeshafungwa, na kuna mnunuzi mwingine anasubiri jibu langu hadi jioni. Akanisihi nitume pesa kwa njia ile ya kutumiana ndugu na marafiki ili tusikatwe makato. Nikatuma.

Lilipofika nililitandaza kwenye meza ya jikoni. Nikapitisha kidole juu ya mkunjo ule wa katikati ili niulaze, na kidole kikateleza bila kugusa chochote. Nikarudia kwa ukucha. Karatasi laini kabisa. Mkunjo haukuwepo, palikuwa na picha ya mkunjo! Alama ya gundi vilevile, na ule mchaniko wa kona vilevile: umechapwa, na karatasi yenyewe haijachanika popote. Mtu alipata picha safi ya bango la kweli lililochakaa, akaichapa kwa printa kubwa pamoja na uchakavu wake wote. Nikaligeuza. Nyuma ni nyeupe pe, kama daftari la siku ya kwanza ya shule. Sisi tuliokulia nyumba za vitenge tunajua kugeuza kitambaa kuona kama rangi imepenya upande wa pili kabla ya kutoa hela. Kwenye karatasi ya kukunjwa ni hivyohivyo, mkunjo wa kweli lazima uonekane na nyuma.

Halafu nikachukua lenzi ya kukuza mara 10, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mabango mengi ya enzi ile yalichapwa kwa ofseti, yaani mashine ya kiwandani inayohamisha wino kutoka bamba hadi karatasi, na sehemu za rangi bapa zilipigwa kwa wino wa rangi hiyohiyo. Chini ya lenzi chungwa unaliona chungwa, limetulia, na ukingo wa herufi umekatika vizuri. Mahali palipokuwa na picha ya kamera utakuta nukta, ndiyo, ila zimejipanga kwa mistari. Kwenye bango langu chungwa lote lilikuwa vumbi la nukta za manjano na waridi zilizorushwa ovyo, na herufi zina ukungu pembeni. Hiyo ni printa ya siku hizi. Sahihi aliyoniambia imewekwa kwa penseli nayo ilikuwa nukta. Penseli huacha mng'ao ukiinamisha karatasi kwenye taa. Hii haikung'aa.

Cheti chake cha uhalisi ndicho kilichoniuma zaidi. Kinasema Crump alisaini bango hili mbele ya shahidi mwezi Juni 2023. Mzee alifariki tarehe 12 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 93. Walimfufua ili wauze jina lake.

Kuna wanaoshauri tumulike karatasi kwa taa ya urujuanimno (UV), ikiwaka bluu basi ni feki. Kwa mabango ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kipimo hicho kinasaidia. Kwa ya miaka ya 1960 msikitegemee peke yake, kwa sababu kemikali za kung'arisha karatasi zilikuwa zimeshaanza kutumika viwandani tangu miaka ya 1950. Bango halali linaweza kuwaka.

Kuchapa upya si dhambi, mradi muuzaji aseme. Mabango ya Family Dog, waandaaji wa matamasha ya muziki kwenye ukumbi wa Avalon wa San Francisco miaka ya 1960, yalichapwa zaidi ya mara moja, na mengi yana namba chini, na awamu ya uchapaji ikiwekwa kwenye mabano. Mnunuzi anaona mwenyewe kwamba ni ya pili au ya tatu na analipa bei yake. Ninachopigia kelele ni kitu cha mwezi uliopita kuuzwa kama cha miaka sitini nyuma.

Kwa hiyo kabla ya pesa kutoka, mwombe akupigie picha ya nyuma, na nyingine taa ikiwa imelazwa pembeni ya karatasi ili mikunjo itoe kivuli. Mwombe video fupi, mkono wake ukiinua kona, na karibu yake kipande cha karatasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye bango mkononi hamalizi dakika tano. Na mlipe kwa kadi ya mkopo, au kwa njia inayomlinda mnunuzi. Kwa Marekani, pingamizi la malipo ya kadi ya mkopo lina muda wake, kwa kawaida siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe, msilikalie. Mimi nilituma kama zawadi kwa rafiki, benki ikanijibu kwamba nimetoa kwa hiari yangu. Nimepeleka malalamiko FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, na kwenye kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, IC3, na kwa kuwa mzigo ulipita posta nimewaandikia pia wakaguzi wa posta. Mrija wa kadibodi uliolileta bango na lebo yake nimevitunza. Nanyi msitupe vyenu.

Jina analotumia hubadilika, kwa hiyo halitawasaidia. Angalieni picha. Bango limelazwa juu ya sakafu ya mbao nyeusi, na chini kushoto mbao mbili zina mkwaruzo mrefu wenye umbo la herufi V. Wale wenzangu wawili walitumiwa picha za mabango tofauti na langu, lakini mkwaruzo ni huohuo. Ukiuona, usilipe, na nitumie picha hiyo leo hii niiongeze kwenye faili la malalamiko.