Vijana wanaopima virusi vya mipapai shambani, Tanga: nimewatumia, nawapa nyota 4 kati ya 5

Wenye mipapai huku Tanga naomba msome hii. Nina kashamba Pongwe, mipapai ikaanza kuwa njano, majani ya juu yakawa membamba kama vidole, nikaenda duka moja la pembejeo wakanipa dawa ya ukungu, nikapiga, wiki mbili hola, nikarudi wakanipa busta, hela inaenda na mipapai ndo inazidi kudumaa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza majani yakoje!

Ndo jirani akanipa namba ya hawa vijana. Wanakata kipande cha jani, wanakisaga kwenye kifuko chenye maji yake maalumu, wanachovya kistripu kama kile cha kupimia mimba. Mstari mmoja hamna kitu, miwili kirusi kipo. Cha kwanza kikatoa mmoja, nikashukuru Mungu, kumbe kijana alichuma jani la chini lililozeeka. Nikamwonyesha jani changa, kikonyo chake kina michirizi ya kijani kizito kama kimemwagikiwa mafuta, na papai lenye viduara viduara, akarudia na jani la juu, hata dakika kumi hazijafika mstari wa pili huo. Nyota nimewakata hapo, kuchagua jani wanatakiwa walijue kabla hawajatoka kwao.

Ila wakweli. Walinambia kistripu kinasoma kundi zima la potivairasi, yaani ukoo wa virusi ambao hiki cha mipapai kimo, ukitaka jina kamili la kirusi sampuli iende maabara ikapimwe PCR, kipimo kinachosoma vinasaba vya kirusi. Mzee mmoja alileta majani ya michungwa yake ya Muheza, wakakataa hela yake, kirusi cha michungwa kiitwacho tristeza ni cha ukoo mwingine na kina kistripu chake.

Na wakanambia wazi dawa ya kuponya mti haipo. Wanaosambaza ni wadudu mafuta, mdudu akishanyonya mti mgonjwa anaonja mzima sekunde chache tu keshaambukiza, kwahiyo hata ukipulizia anakufa kazi keshaimaliza. Nimeng'oa mipapai 11 siku ileile, iliniuma sana maana mitatu ilikuwa na matunda, na maboga niliyopanda katikati nayo nimeyatoa kwa sababu jamii ya maboga inakishika kirusi hikihiki. Iliyobaki mpaka leo majani yake mapana.

Bei yao ni chini ya ile busta. Miche mipya ikishika nawaita tena, na jani la juu nawachumia mwenyewe.